Cha Juu

Baba alikuwa akija nyumbani na mbalamwezi. Sisi watoto wa Kasulu tulilijua hilo kabla hatujajua sababu yake. Mwezi ukianza kunenepa mama anasugua masufuria ambayo wala hayakuwa machafu, na siku mbili tatu baadaye baba anashuka kwenye basi la Kigoma, mkononi kiroba cha dagaa wakavu, nguo zinanuka mafuta ya taa. Sababu nilikuja kuelezwa shuleni na wenzangu waliokuwa na ndugu Ujiji. Dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa usiku wa giza kwa taa. Taa ikiwaka gizani dagaa wanaifuata. Lakini mwezi ukiwaka, taa ya binadamu inakuwa si kitu. Basi siku za mbalamwezi wavuvi hupumzika, hushona nyavu, hupiga hesabu na kugawana, na wale wenye familia huku juu milimani hupanda kuzisalimu.

Alifariki mwaka 2023, tukamzika kwao Heru Juu. Matanga yalipokwisha wazee wa ukoo wakakaa kikao. Mali yenyewe haikuwa ya kugombaniwa: shamba la migomba, nyumba ya tofali za kuchoma, baiskeli mbili, na mtumbwi wa mbao wenye injini, uliolala mwalo wa Kibirizi, karibu kilometa mia moja kutoka kwetu. Mtumbwi huo ndio uliotusomesha, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuuona. Tulijua jina lake tu. Baba alikuwa ameuandika ubavuni HERU JUU, na mama alikuwa anacheka kila akikumbuka: mtu anateremka ziwani kisha anaandika jina la mlima.

Kikao kiliamua uuzwe. Kulikuwa na deni la matibabu na wadogo zangu wawili sekondari. Nikachaguliwa mimi kuwa msimamizi wa mirathi, binti, kwa sababu mbili: moja ya heshima, kwamba ndiye mtoto wa kwanza, na moja ya kweli, kwamba nilikuwa nimemaliza chuo na sina kazi, kwa hiyo muda ninao.

Hapo ndipo ubishi ulipoanza. Mama hakutaka kusikia habari za dalali. "Dalali wa nini? Mtumbwi si wetu? Tukamlipe mtu kwa kutaja bei?" Wazee wawili wakamuunga mkono. Mimi, kusema kweli, nilikuwa upande wa dalali kwa sababu ya uvivu na woga. Kibirizi nilikuwa naisikia tu: wanaume vifua wazi, matusi, mapanki ya samaki, wenyeji wa Kongo wanaobadilisha pesa. Nilitaka mtu wa kunisaidia nibaki Kasulu na simu yangu.

Mama akasema niende kwanza Kibondo kwa mjomba, kaka yake, kwa kuwa yeye ni dalali. Wa ng'ombe, lakini dalali ni dalali.

Nikapanda gari asubuhi, tukapita Makere, kwenye njia ya kwenda kambi ya Nyarugusu iliyopo tangu 1996, tukafika Kibondo nikiwa na vumbi la sehemu za ujenzi wa barabara hadi kwenye nyusi. Nilimkuta mjomba mnadani. Ndugu msomaji, kama hujawahi kuona dalali wa ng'ombe akifanya kazi, umepungukiwa na burudani. Muuzaji amesimama hapa, mnunuzi pale, ng'ombe katikati, na mjomba anazunguka huku anampiga ng'ombe makofi mgongoni kama mtu anayemsifia bibi harusi. Muuzaji anataja, mjomba analalamika kwa niaba ya mnunuzi. Mnunuzi anataja, mjomba anatukanika kwa niaba ya muuzaji. Bei inasikika na kila mtu mpaka mama anayeuza chai. Wakikubaliana wanashikana mikono, pesa zinahesabiwa mbele ya macho ya watu, na mjomba anapewa chake kutoka pande zote mbili.

Nikamuuliza, mjomba, hivi mtu anakulipa kwa kazi gani hasa? Ng'ombe si wako, pesa si zako, na wote wawili wamefika hapa kwa miguu yao.

Hakukasirika. Akasema, "Mpwa wangu, yule mnunuzi ametoka mbali. Akifika nyumbani ng'ombe akafa keshokutwa, atamtafuta nani? Muuzaji anaishi porini huko, hata mimi sijui ni porini wapi. Lakini nyumba yangu mimi kila mtu anaijua. Ananilipa nyumba yangu ijulikane."

Niliona ni maneno ya mzee anayetetea unga wake. Nikarudi Kasulu na ruhusa ya kutafuta dalali.

Nikampata kwa kupitia jirani, kijana wa Kigoma mjini, jina namwekea. Sauti nzuri, "sista" nyingi. Akauona mtumbwi, akapiga picha, akanitumia kwa simu. Wiki moja baadaye akapiga: "Sista, mteja yupo, milioni nne na nusu, keshi. Mimi nachukua asilimia kumi yangu, yaani laki nne na nusu, wewe unabaki na milioni nne na elfu hamsini. Ila mteja usimtafute. Hawa wa ziwani wakisikia sauti ya mwenye mali wanabana." Mama alitaka milioni tano na nusu, lakini huyo mama alizipata wapi hizo tano na nusu? Alizitoa kichwani. Nikamwambia dalali sawa, anisubiri nimalize karatasi za Mahakama ya Mwanzo. Akaniambia karatasi za nini, hakuna anayeziuliza.

Hilo ndilo lililonitia wasiwasi, si bei. Mbalamwezi ya Februari 2024 ilipofika nikapanda basi la Kigoma bila kumwambia mtu. Nilichagua mbalamwezi kwa sababu ya baba: nilijua siku hizo mitumbwi yote iko nchi kavu.

Kibirizi haikuwa kama nilivyoiogopa. Wanaume walikuwa wameketi chini ya nyavu wanashona, mmoja anaimba kwaya. Nikauliza Heru Juu uko wapi, nikaonyeshwa. Nilidhani nitalia, sikulia. Nilichoona ni mbao nyekundu za mninga zilizopauka, mbao ambazo wenyewe wananiambia zilitoka huku huku kwetu, miti ya upande wa Kibondo. Nyufa zilizozibwa kwa pamba. Na maandishi ya baba, ile R yake ya mguu mrefu kama alivyokuwa akiandika kwenye madaftari yetu. Pembeni yake amekaa mzee mmoja anafungua taa. Alikuwa nahodha wa baba kwa miaka kumi na mmoja. Aliniangalia usoni akasema, "Wewe ni wa Mzee." Nikamwambia ndiyo baba, shikamoo.

Ni yeye aliyenifungua macho, tena bila kukusudia. Alinipa pole ya msiba, akasema amesikia mtumbwi umepata mteja, mtu wa Katonga, na milioni tano na laki sita si bei mbaya kwa wakati huu.

Tano na laki sita. Mimi nimeambiwa nne na nusu.

Mtaani jambo hili lina jina lake, na wewe unayesoma Dar au Mwanza unalijua: cha juu. Mwenye mali anataja bei yake, dalali anapanda juu yake anachotaka, na kilicho katikati hakiandikwi popote. Laki nne na nusu ya asilimia kumi nilikuwa naijua. Milioni moja na laki moja ya katikati sikuijua. Nilikuwa nimeingizwa mjini nikiwa bado kijijini.

Nikampigia dalali pale pale. Nilitegemea akane. Hakukana. Akasema kwa utulivu kabisa, "Sista, wewe nilikutajia nne na nusu, ukakubali. Nimekuibia wapi?" Nilikaa na simu sikioni. Mpaka leo nimelitafuta jibu la kumpa na sijaridhika na lolote. Tofauti yake na mjomba haikuwa asilimia, mjomba naye anakula, tena pande mbili. Tofauti ni kwamba mjomba anasimama katikati ya watu wanaoonana. Huyu alisimama mahali ambapo pande mbili hazionani, na kazi yake kubwa ilikuwa kuhakikisha hatuonani. Lakini nani aliyekaa mbali? Nani aliyetaka abaki Kasulu na simu yake?

Nikamtoa. Nikaamua kuuza mwenyewe.

Jambo la kwanza nikamwendea huyo mtu wa Katonga moja kwa moja, nimejaa ushujaa. Nikamwambia dalali ameondoka, tuzungumze mimi na wewe, ile ile tano na laki sita. Akanitazama, akauliza kaka yangu yuko wapi. Nikamwambia kaka sina. Akasema, "Kwa dalali nilikuwa natoa tano na sita. Kwako natoa nne na nane."

Nilidhani sikusikia vizuri. Bila dalali bei ishuke?

"Dalali nyumba yake naijua," akasema. "Injini ikifa kesho, nakwenda kumgongea mlango. Wewe nitakugongea wapi, Kasulu?"

Maneno yale yale ya mnadani Kibondo, neno kwa neno karibu. Nilitembea ufukweni nikijiona mjinga mara ya pili kwa siku mbili. Kumbe ile cha juu haikuwa wizi mtupu; ndani yake kulikuwa na bei ya kitu ambacho mimi sikuwa nacho cha kuuza.

Kama ninavyoelewa sasa, anayenunua mtumbwi uliotumika hanunui mbao. Mbao anaziona, anazigonga kwa vidole, anaingiza kisu kwenye ufa, amemaliza. Kinachomnyima usingizi ni injini. Yetu ilikuwa Yamaha ya nguvu za farasi 15, na fundi niliyemwita alisema zaidi ya nusu ya bei yote imekaa pale nyuma. Akaniambia mfano ambao kila mtu wa Kigoma anaupenda, wa Liemba. Meli ile ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikaletwa vipande vipande. Mwaka 1916 Wajerumani wakaizamisha wenyewe Waingereza wasiipate, lakini kabla ya kuizamisha waliipaka injini grisi vizuri kabisa. Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. "Unaona?" fundi akasema. "Hata anayezamisha meli anaitunza injini." Kisha akanidai elfu arobaini.

Nilirudi mbalamwezi ya Machi na cheti cha kifo na barua ya mahakama ya kuniteua, na hapo nikagundua faida ya karatasi ambazo dalali alizidharau. Mnunuzi wa maana anaziuliza. Mtumbwi umesajiliwa kwa jina la marehemu. Afisa uvuvi hawezi kubadilisha jina kwa sababu tu mimi nina pua kama ya marehemu. Wale viongozi wa ufukwe, BMU, nao wanataka kujua anayeuza ni nani. Wateja watatu walikuja, wawili walikuwa wanazuga tu, wanataka kujua bei ya soko kwa ajili ya mitumbwi yao wenyewe. Wa tatu alitoa shilingi laki mbili za kishika mkono, baada ya siku nne akazitaka, nikazirudisha. Mlinzi wa mtumbwi anadai kila wiki. Gesti inadai kila usiku.

Na wakati huo muda ulikuwa unanibana kuliko nilivyojua. Habari zilikuwa zimezagaa mwaloni kwamba ziwa litafungwa, uvuvi usimame kuanzia tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti mwaka huo wa 2024, samaki wapate kuzaliana. Sina ugomvi na kufungwa kwa ziwa. Wavuvi wenyewe walikuwa wananiambia usiku mmoja sasa unaleta kile ambacho zamani baba alikuwa anakipata kabla ya saa sita. Lakini jaribu kuuza mtumbwi wa kuvulia wiki chache kabla hujazuiwa kuvua. Mtu wa Katonga akashuka hadi nne na laki tatu. Dalali, nilikumbuka baadaye, alikuwa ameniambia tangu mwanzo, "Sista tuuze kabla ya mwezi wa nne." Sikumuuliza kwa nini. Alikuwa anajua.

Mbalamwezi ya Aprili nilikwenda nikiwa nimechoka kabisa, tayari kuchukua hizo nne na laki tatu. Jioni nimekaa kwenye ukingo wa mtumbwi, nahodha akaja na chai mbili. Tukanywa. Akauliza kimya kimya, kama mtu anayeuliza saa, tumefikia bei gani. Nikamwambia. Akasema yeye anaweza milioni tano na laki mbili, ila hana zote. Ana mbili na nusu, ameuza kiwanja. Zinazobaki atalipa laki tatu kila mbalamwezi, mara tisa, ziwa likifunguliwa.

Nikamuuliza, baba, kwa nini hukusema tangu Februari? Mwenzangu nazunguka miezi mitatu!

"Sikuulizwa, binti."

Na ni kweli. Ukoo mzima ulikaa, ukabishana dalali au bila dalali, asiyejulikana au asiyejulikana mwingine, na hakuna aliyemkumbuka mtu ambaye amelala ndani ya mtumbwi ule usiku mwingi kuliko baba mwenyewe. Yeye hakuhitaji mtu wa kumdhamini injini. Aliifungua na kuifunga kwa mikono yake. Kwa hiyo yeye ndiye pekee aliyeweza kunipa bei karibu na ile ya dalali bila dalali.

Isipokuwa sasa kibao kimegeuka: yeye ndiye anayetaka niamini. Nadhani aliliona usoni kwangu. Akasimama, akasema twende. Tukapanda bajaji hadi Gungu, akanionyesha nyumba yake, mke wake, wajukuu, mti wa mwembe mlangoni. "Umeiona?" akasema. "Ukinikosa ziwani, gonga hapa." Kesho yake tukaandikishana mbele ya viongozi wa ufukwe, akahesabu milioni mbili na nusu, noti nyingine zimekunjwa mara nane. Aliomba jambo moja tu, asifute jina. Nikamwambia mtumbwi ni wake, afanye atakavyo.

Sasa hesabu, maana najua baadhi yenu mnaoandika hadithi hamzipendi, lakini hapa ndipo hadithi yenyewe ilipo. Nauli, gesti, fundi, mlinzi, vocha, chakula: laki sita na elfu arobaini. Za mahakama sizihesabu, zile ningelipa tu. Ziwa lilipofunguliwa nahodha alianza kulipa. Alilipa vizuri mara nne, akaruka miezi, akalipa, akaugua, akalipa. Mpaka ninapoandika ametuma mara saba. Kwa hiyo mkononi tumepata milioni nne na laki sita, toa gharama zangu, tunabaki na milioni tatu, laki tisa na elfu sitini. Dalali angetupa milioni nne na elfu hamsini, keshi, siku moja, mimi nimekaa Kasulu nimenyoosha miguu. Hadi leo dalali ananizidi kwa shilingi elfu tisini. Nahodha akituma moja tu zaidi, nitamzidi mimi kwa laki mbili na elfu kumi.

Mjomba nilipompigia hesabu hizo alicheka mpaka akakohoa. Akauliza kama huyo dalali wa Kigoma ana namba, amtafute. Nikamwambia mjomba usinichokoze. Akasema hapana, ni kwamba kijana ana kipaji, kasoro yake amefichwa nyuma ya simu. Angemleta mnadani mwezi mmoja angenyooka. Sijui kama alikuwa anatania.

Mama yeye hajauliza nani anaongoza. Ada ya muhula uliopita ililipwa, deni la hospitali liliisha kwa zile za mwanzo. Yeye anauliza jambo moja. Nahodha, kama wavuvi wote, anapiga hesabu na wenzake siku za mbalamwezi, na hapo ndipo simu inapolia, ikilia. Kwa hiyo mwezi ukianza kunenepa mama anatoa kiti nje baada ya chakula cha jioni, anakaa anatazama juu ya migomba, simu yangu amenishikia mapajani mwake. Juzi nimemkuta anasugua sufuria.